Mkono wa Gisiri

Kazi ya Joash katika timu ile ya besiboli haikuwa kucheza. Ilikuwa kuchuchumaa pembeni mwa uwanja, nyuma ya wavu wa chuma, na kudaka mipira ya warushaji waliokuwa wakipasha mikono moto kabla ya kuitwa mchezoni. Mipira mia mbili kwa siku ya kawaida, mia tatu siku ya mechi. Mrushaji akishapata joto, lango dogo lilifunguliwa, akakimbia kuingia uwanjani huku watu wakimpigia makofi, na Joash akabaki pale pale na ndoo yake ya mipira. Katika misimu minne aliyokaa Japani hakuingia uwanjani wakati wa mechi hata mara moja.

Nyumbani Kosele, nchini Kenya, hawakulijua hilo. Mama yake, Leonida, aliwaambia waumini wenzake kanisani kwamba mwanawe anacheza mpira wa kulipwa ng'ambo, na Joash alimtumia picha akiwa na sare safi, jina lake mgongoni. Picha hazikuwa za uongo. Sare alikuwa nayo kweli.

Aliyekuwa akicheza ni Gisiri. Walikutana sekondari huko Migori, ambako mwalimu mmoja aliyeitwa Bichage alianzisha timu kwa glavu chache zilizoachwa na wageni waliokuja kujitolea. Gisiri alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, aliyekua akirusha mawe kufukuza nyani kwenye mahindi ya baba yake, na mpira ulipotoka mkononi mwake wanafunzi wengine walikataa kuudaka. Joash alikuwa mnene na hakujua kukimbia, kwa hiyo Bichage alimweka awe mdakaji wake kwa sababu hakuwa na pengine pa kumweka. Wiki ya kwanza kiganja chake kilivimba kama mandazi. Wiki ya tatu aligundua kwamba haogopi tena, na kwamba anaweza kujua mpira utakakopinda kwa kuangalia tu jinsi Gisiri anavyoinua bega.

Mtu wa kutafuta vipaji alipokuja Nairobi kutoka timu moja ya ligi ndogo ya Japani, alimtaka Gisiri siku hiyo hiyo. Akajaribu kumpangia wadakaji wengine, na mpira ukawa unawapita na kugonga ukuta. Mwisho akamwita Joash. Ndivyo walivyochukuliwa wawili, kama mtu anavyonunua kufuli na kupewa ufunguo wake.

Mji waliopelekwa ulikuwa mdogo, katikati ya mashamba ya mpunga. Walilala watu wanne kwenye chumba kimoja juu ya duka la kufulia nguo. Kabla ya mazoezi wachezaji wenyewe walifagia uwanja, wakauchana udongo kwa reki hadi usibaki hata alama ya kiatu, kisha wakauinamia kwa heshima kama mtu mzima. Safari za basi zilichukua saa saba au nane, wakila wali baridi kwenye vikopo. Jumatatu walisimama mlangoni mwa supamaketi na sare zao wakiwapa akina mama karatasi za matangazo. Mwisho wa mwezi mtu mmoja au wawili walikosekana wakati wa chai, wameachwa na timu, kitanda kimekunjwa, na hakuna aliyeuliza. Gisiri aliyazoea hayo haraka. Alikuwa mtu wa kucheka, na watu wa mji ule walimpenda. Bibi mmoja alimshonea kofia.

Mambo yaliharibika msimu wa pili, mwezi wa sita.

Asubuhi moja Joash alimkuta Gisiri amekaa ukingoni mwa kitanda, shati wazi, akihangaika na kifungo kwa mkono wa kushoto.

"Kwani ule mwingine uko wapi?" Joash aliuliza.

"Upo."

"Sasa funga nao."

Joash akapiga magoti mbele yake akamfunga vifungo, kimoja kimoja, na Gisiri akaangalia dirishani kama mtu anayenyolewa.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Kiwiko. Nikirusha, hivi vidole viwili vinakufa ganzi. Baadaye vinarudi."

"Mwambie Mzee Ono." Ono alikuwa mkandaji wa timu, mzee wa miaka sabini ambaye kila baada ya mechi aliwafunga warushaji mifuko ya barafu begani na kiwikoni.

"Ono akijua, kocha anajua. Kocha akijua, nakaa benchi. Mwezi wa nane kuna watu wa ligi kubwa wanakuja kuniangalia, omera, ndugu yangu. Niache nifike hapo tu. Baada ya hapo hata wanikate huu mkono."

"Na ukikatika kabla ya hapo?"

"Nyamoita ameshaanza kujenga," Gisiri alisema. Nyamoita alikuwa mkewe, aliyebaki Isebania na mtoto wa kike ambaye Gisiri alikuwa amemwona kwenye simu tu. "Wewe nyamaza. Sikuombi kitu kingine."

Joash alinyamaza. Lakini hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshausikia ule mkono kabla ya siku ile. Zamani mpira wa Gisiri ulitua kwenye glavu na mlio mkavu, mmoja, kama ubao unaovunjwa. Sasa mlio ulikuwa mzito, tena wa kuchelewa, na mpira ulifika umeshuka kiasi cha kiganja. Kila siku alidaka mipira mia mbili ya mtu anayeharibika, na kila siku akamrudishia mpira na kumpigia kelele kwamba ni mzuri.

Wiki mbili baadaye kocha alimwita ofisini. Kocha Kurata alikuwa mtu mfupi, aliyewahi kuwa mdakaji ujanani, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilipinda kila kimoja na upande wake. Alikuwepo pia Emmah Mokeira, msichana wa Kisii aliyekuwa akisomea uhandisi katika mji ule, ambaye timu ilimlipa kutafsiri. Kocha aliwamiminia chai. Akasema ameiangalia kazi ya Joash kwa misimu miwili. Akasema timu inataka kumwandikia mkataba wake mwenyewe, wa kuwapasha moto na kuwachunga warushaji wote, hata kama Gisiri atakuja kuhamia timu nyingine.

"Anasema hii kazi ni ya mtu ambaye maneno yake yeye anaweza kuyaamini," Emmah alitafsiri. "Anasema mrushaji humdanganya daktari, humdanganya kocha, humdanganya mpaka mkewe. Mdakaji peke yake ndiye hadanganyiki."

Kocha akamwongezea Joash chai. Kisha akauliza swali fupi, na Emmah akalitafsiri huku akiangalia kikombe chake.

"Anauliza, mkono wa Gisiri ukoje?"

Baadaye Joash alizirudia zile sekunde mara nyingi mno hadi zikakosa maana. Alikumbuka kwamba aliuona akilini ule mkono ukikatika mbele ya watu elfu tatu. Alikumbuka pia kwamba aliliona jina lake kwenye mkataba, peke yake, bila jina la mtu mwingine juu yake. Kipi kilitangulia, hakuweza kusema.

"Umeumia," alisema. "Ni kiwiko. Wiki tano sasa. Mwambie apelekwe kwa daktari, apumzishwe. Akipumzishwa sasa atapona."

Kocha alimshukuru, akainama. Joash alitoka ofisini akijisikia mwepesi. Mchana ule alikula sahani mbili.

Siku tatu zikapita, na Gisiri hakupelekwa kwa daktari. Siku ya nne, walipomaliza kufagia uwanja, kocha alimwita chumba cha vifaa pamoja na Emmah. Hawakukaa hata dakika kumi. Gisiri alitoka ameshika barua na kwenda moja kwa moja kwenye kabati lake la nguo. Akavua sare, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi.

"Wameniacha," alisema. "Wanasema kiwango kimeshuka."

Joash alimfuata kocha uwanjani, Emmah nyuma yake.

"Nilikuambia ameumia," alisema. "Nilikuambia apelekwe kwa daktari."

Kocha alijibu bila kukasirika. Emmah alichelewa kutafsiri.

"Anasema mchezaji akiumia kazini na ikaandikwa, timu lazima imtibu na imkalishe mpaka apone. Anasema timu hii ni ndogo. Haina uwezo wa kumtibu kiwiko mtu wa kutoka mbali."

"Lakini ameumia kazini."

"Anasema hakuna mahali palipoandikwa. Daktari hajamwona."

"Mimi nilimwambia."

"Anasema ulimwambia yeye," Emmah alisema. "Hukumwambia daktari." Halafu, kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa ya kutafsiri, akaongeza, "Joash, mimi sikujua wangefanya hivi. Ningekukanyaga mguu pale mezani."

Gisiri aliondoka siku ya pili yake. Joash alimsindikiza hadi kituo cha treni, akimbebea begi, kwa kuwa kiwiko kilikuwa kimevimba na hakikunyooka. Kituoni walimkuta Mzee Ono amekuja kuaga, ameshika mfuko wa matunda. Gisiri aliupokea mfuko, akauweka chini, akampa mzee mgongo.

"Ni yeye," alimwambia Joash kwa Kiswahili, mbele ya mzee aliyekuwa akitabasamu bila kuelewa. "Alikuwa akinifunga barafu akibonyeza hapa, akiniangalia usoni. Alijua. Akaenda kuniuza."

Joash alifungua mdomo. Treni ilikuwa imeshaingia.

"Wewe baki," Gisiri alisema. "Usije ukafanya ujinga wa kunifuata. Angalau mmoja wetu."

Joash akabaki. Alitia sahihi mkataba mwezi wa kumi, akakaa misimu mingine miwili. Alikuwa hodari katika kazi ile. Warushaji vijana walimwamini, na alipowaona wakinyoosha vidole kwa siri kati ya mpira na mpira, aliwaambia waende wenyewe kwa daktari, siku hiyo, wahakikishe imeandikwa. Wawili walimsikiliza. Hilo halikumsaidia kulala vizuri zaidi.

Kwa simu Gisiri alikuwa mchangamfu. Alisema mkono unaendelea. Alisema wamehamia Muhuru Bay, Nyamoita anafanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, na mambo si mabaya. Hakuwahi kutuma picha.

Mwezi wa kumi na mbili, msimu wa nne ulipokwisha, Joash alirudi nyumbani. Alikaa kwa mama yake Kosele siku mbili, akasalimiana na watu wa kanisa waliotaka kujua ameshinda mechi ngapi, kisha akaenda Muhuru Bay. Alikuwa ameamua kumwambia Gisiri yote.

Gisiri hakuwepo. Bichi ilikuwa imetandikwa nyavu za omena kuanzia majini hadi kwenye vibanda, na wanawake waliinama kuzigeuza. Nyamoita alimtambua kabla yeye hajamtambua.

"Shemeji, karibu. Ndugu yako ameenda zahanati, kiwiko kinamsumbua tangu jana. Kaa hapa kivulini."

Joash hakukaa. "Anafanya kazi gani siku hizi?"

"Hii." Nyamoita alionyesha nyavu. "Boti hawezi kuvuta, pikipiki hawezi kushika. Mkono haunyooki, umekaa hivi." Alikunja wake kumwonyesha. "Anageuza omena na sisi wanawake. Mwanzoni wanaume wa hapa walimcheka. Sasa wamechoka kucheka."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari wa Kisumu alisema ungepasuliwa mapema, ule mwezi wa kwanza, ungerudi kabisa. Sasa hata wakipasua ni bahati nasibu. Na nani atalipa?"

Joash aliangalia majini. Kisha akasema, haraka, kama mtu anayetema kitu, "Shemeji, ni mimi niliyemwambia kocha."

Nyamoita aliendelea kuokota magugu kwenye wavu.

"Waliniuliza, nikasema. Nilidhani watamtibu. Sikujua sheria yao. Siyo yule mzee, ni mimi. Nimekuja kumwambia."

Mwanamke yule alisimama wima. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Joash zaidi.

"Na walikupa nini?"

"Kazi."

"Sawa." Alijipangusa mikono kwenye leso. "Sasa nisikilize. Gisiri hapa hana rafiki. Ndugu zake Kehancha wanasema alipewa bahati akaichezea. Mimi nikimwambia neno anasema namhurumia. Mtu mmoja tu ndiye akimpigia simu anacheka, na huyo ni wewe. Ukishamwambia hiyo habari, wewe utapanda gari urudi kwenu umepoa moyo. Mimi nitabaki na nani?"

"Lakini ni haki yake kujua."

"Haki yake ilikuwa kujua ile siku. Ulinyamaza, basi endelea kunyamaza. Hiyo ndiyo adhabu yako, ubebe mwenyewe. Usimwekee yeye."

Alimtaka aahidi, na Joash akaahidi.

Gisiri alikuja saa kumi. Alikuwa amekonda, na mkono wa kulia umekunjwa tumboni kama mtu aliyebeba kuku. Alipomwona Joash alicheka kwa ile sauti yake ya zamani, akamshika shingo kwa mkono wa kushoto, akampitisha kila kibanda cha bichi ile.

"Mnaniona mimi mwongo nikiwaambia nilirusha mpira Japani," aliwaambia watu. "Haya, shahidi ndiye huyu. Huyu amedaka mipira yangu elfu mia. Watu wote wa kule walinigeuka, mpaka mzee niliyemwita baba. Huyu peke yake hakunigeuka."

Joash alipeana mikono na watu. Nyamoita aliwapikia samaki mbichi na ugali wa muhogo, akawawekea maji ya kunawa, na hakumtazama Joash machoni hata mara moja mpaka alipoondoka.

Aliporudi Kosele hakuweza kutulia. Baada ya wiki moja alimpigia Emmah, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa kule kule Japani, akamwomba amsaidie kuandika barua. Ilichukua siku tatu. Joash alieleza kwamba Gisiri aliumia akiwa kazini, kwamba yeye mwenyewe alimjulisha kocha siku kadhaa kabla ya Gisiri kuachwa, na kwamba timu ilijua. Aliomba igharamie upasuaji. Emmah aliweka jina lake kama shahidi.

"Unajua watakachofanya," Emmah alimwambia.

"Najua."

"Mradi unajua."

Jibu lilikuja mwezi wa pili. Lilikuwa na adabu nyingi. Timu ilimshukuru Joash kwa utumishi wake wa misimu minne na kumtakia afya njema, na ilisikitika kwamba nafasi yake haitakuwepo msimu ujao. Kuhusu Gisiri, timu haikuwa na kumbukumbu yoyote ya jeraha. Emmah alisikia kwamba Kocha Kurata aliisoma barua ya Joash peke yake ofisini, akaikunja, akaitia mfukoni, na hakuizungumzia na mtu.

Joash alimwambia mama yake kwamba mkataba umeisha. Kwa Gisiri alisema hivyo hivyo. Hakumtajia barua.

Hakutegemea Gisiri angekuja. Lakini Jumapili moja alimwona akiingia lango la nyumba yao Kosele, amebeba begani mfuko wa omena, amesafiri tangu alfajiri. Leonida alifurahi kumwona. Alichinja kuku. Wakati wa kula, mama alisema kile ambacho kilikuwa kikimsumbua.

"Mwanangu, nikuulize wewe uliyekuwa naye. Huyu amerudi, hana hata picha moja akicheza. Watu wa kanisa wananiuliza. Alicheza kweli, ama alikuwa akifagia?"

Joash aliacha kutafuna. Gisiri aliweka mfupa chini, akapangusa mdomo.

"Mama, huyu alicheza," alisema. "Kuna siku tulikuwa tunafungwa, uwanja umejaa. Joash akapewa gongo. Akaupiga mpira mpaka ukapita juu ya ukuta, ukaangukia mpunga wa watu. Mpaka leo hawajaupata."

Leonida alicheka hadi akashika kifua. "Na mbona hasemi?"

"Hana majivuno. Ndivyo alivyo."

Joash alimtazama rafiki yake akiongopa kwa ajili yake, kwa upole na bila kuombwa, akasukuma sahani yake pembeni.

Walipotoka kutembea kuelekea sokoni, Gisiri alitoa bahasha mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizoyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Hii ni ya yule Ono," alisema. "Nimeiandika mwezi mzima. Najua ndiye aliyekumaliza na wewe pia. Mtumie Emmah aitafsiri, amfikishie mkononi."

"Umeandika nini?"

"Nimemwandikia alichonifanya. Nimemwambia nageuza omena na wanawake. Nimemwambia nikifa, mtoto wangu atajua jina lake. Niliambiwa mkewe alikufa mwaka jana. Nimemwandikia kwamba hayo ni malipo, na bado."

Joash aliishika bahasha. Alimwona Mzee Ono pale kituoni, na matunda yake chini. Alimkumbuka Nyamoita na ahadi. Walikuwa wamefika kwenye vibanda vya nyanya, na mwanamke mmoja aliwakaribisha kwa kuwaita wateja wake.

"Gisiri, siyo yeye."

"Ni nani basi?"

Joash aliinamisha macho kwenye bahasha. Gisiri alisimama. Ilimchukua muda mfupi sana. Mtu aliyemrushia mwenzake mipira tangu shuleni hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Waliniuliza," Joash alisema. "Nikasema umeumia, wakutibu. Sikujua wangekuacha. Halafu wakanipa ile kazi, na nikaichukua. Nilitaka kukuambia pale kituoni."

"Nyamoita anajua?"

Joash alitikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo uso wa Gisiri ulipobadilika.

"Kwa hiyo mlikaa, mkanipikia samaki," alisema.

"Alinikataza kwa ajili yako."

"Na mimi nikakutembeza bichi nzima." Gisiri alizungumza polepole, bila kupandisha sauti. "Ungeniambia ile siku, ningekuvunja taya, halafu tungepanda treni pamoja. Ama hata ungebaki. Lakini ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ambaye ni kweli. Miaka yote hii nimemchukia mzee wa watu aliyeniletea matunda." Alinyoosha mkono wa kushoto, akaichukua bahasha, akaichana vipande vinne. "Sasa hata kukupiga siwezi. Wa kushoto haujui."

Aliondoka akaelekea stendi. Joash alimfuata hatua kumi, akamwita, akamwona hageuki, akasimama. Nyumbani, Leonida aliuliza mgeni amekwenda wapi bila kuaga. Joash alisema gari lilikuwa linaondoka.

Baada ya siku mbili Nyamoita alipiga simu. Hakusalimia.

"Nilikuambia," alisema. "Ameenda Kehancha kwa ndugu zake, wale wale. Hapokei simu yangu. Anasema tulimfanya mtoto, mimi na wewe. Umepoa moyo sasa?"

Joash alijaribu kueleza habari za Mzee Ono na barua. Nyamoita alimwacha amalize.

"Yule mzee yuko Japani," alisema. "Barua ungeitupa chooni, nani angejua?"

Akakata. Joash alibaki na simu mkononi, na ukweli ni kwamba lile la kuitupa barua halikuwa limemjia hata kidogo.

Alipata kazi Homa Bay mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kazi ya kubeba na kupanga. Watu wachache walijua aliwahi kufika Japani, na walioijua habari hiyo waliisimulia pamoja na ule mpira ulioangukia mpunga, kwa sababu Leonida alikuwa ameueneza. Alipoulizwa, alisema ilikuwa zamani. Kwa Gisiri alipiga simu kila Jumamosi kwa miezi mitano. Kisha namba ikawa haipatikani.

Mwaka uliofuata alimwona Nyamoita sokoni Homa Bay. Alikuwa amekaa nyuma ya lundo la omena, pamoja na wachuuzi wengine waliokuja siku hiyo kutoka upande wa Migori, na msichana mdogo amelala juu ya magunia pembeni yake. Joash alizunguka soko mara mbili kabla ya kumkaribia.

"Habari yako, shemeji."

Nyamoita aliinua macho, akamtazama kwa muda, akayarudisha kwenye omena.

"Gisiri yuko aje? Alirudi?"

"Unataka ngapi?" Nyamoita aliuliza.

"Gorogoro moja."

Alichota omena akajaza kopo mpaka likafurika. Kwa kiganja akalipangusa juu, polepole, hadi likawa sawa na ukingo, akammiminia kwenye mfuko. Wateja wa kabla yake Joash alikuwa amewaona wakiongezewa konzi moja, wengine mbili. Yeye alilipa, akapokea mfuko wake, akasimama kidogo, kisha akawapisha waliokuwa nyuma yake.